Damu ya mgonjwa wa ini pia huganda. Tuache kudanganyana hapa mpakani

KUNA imani iliyokita mizizi katika miji yetu ya mpakani, kuanzia Malaba hadi Busia, kwamba mtu aliyeharibikiwa na ini ana "damu nyepesi". Inasemekana kuwa mtu huyo akijikata atavuja damu hadi aishe, na kwa hivyo jambo ambalo hana haja ya kuliogopa kamwe ni damu kuganda mwilini. Sehemu ya kwanza ya imani hiyo ina ukweli. Sehemu ya pili ni uongo, na uongo huo unatuzika.

Sisemi haya kwa sababu mimi ni daktari. Mimi ni mchuuzi wa nafaka kutoka Molo, na ninamaanisha Molo ya wilaya ya Tororo nchini Uganda, wala si ile ya Nakuru ambayo wasomaji wengi huikumbuka wanaposikia jina hilo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikivuka mpaka na magunia ya mahindi na maharagwe. Ninaofanya nao biashara ni watu mnaowajua: madereva wa malori, akina mama wa mitumba na omena, vijana waliorejea kutoka nchi za Ghuba wakiwa na mtaji mdogo, na wahudumu wa bodaboda, kazi ambayo jina lake lenyewe lilizaliwa hapa mpakani. Miongoni mwetu ugonjwa wa ini si mgeni. Ni nadra msimu wa mavuno kwisha kabla hatujachanga pesa za matibabu, au za mazishi, ya mtu ambaye tumbo lilijaa maji na macho yakageuka manjano.

Shemeji yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameambiwa kwamba ini lake limesinyaa na kujaa makovu, ugonjwa ambao madaktari huuita sirosisi. Aliacha pombe, akapunguza chumvi, na akaendelea na biashara yake taratibu. Siku moja alirejea kutoka Nairobi baada ya kukaa usiku kucha ndani ya lori. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba hadi pajani. Wa kulia haukuwa na neno.

"Shemeji, huu ni uchovu wa kukaa tu," akaniambia.

Tulikwenda naye katika zahanati moja ya kibinafsi. Mhudumu alipofungua daftari lake na kuona neno sirosisi, alituondolea hofu papo hapo. "Mzee, damu yako haiwezi kuganda. Haya ni maji ya ini yameshuka." Akapewa tembe za kupunguza maji na sindano ya maumivu. Siku ya tatu alibanwa na kifua ghafla, akakosa pumzi, na akakata roho muda mfupi baada ya kufikishwa hospitalini. Daktari aliyempokea alitueleza kuwa dalili zote zilionyesha donge la damu lililoanzia mguuni, likasafiri, na kuziba mshipa wa mapafu. Alituambia jambo moja zaidi ambalo sijalisahau: maji ya ini kwa kawaida huvimbisha miguu yote miwili. Mguu mmoja ukivimba peke yake, hilo ni swali jingine, na sharti lijibiwe siku hiyo hiyo.

Tangu wakati huo nimesoma na kuuliza kila mtaalamu aliyekubali kunisikiliza. Niliyojifunza si siri, na yanaeleweka na yeyote aliyewahi kushika mizani ya sahani mbili.

Ini ndilo kiwanda cha karibu protini zote zinazogandisha damu. Hilo wengi wanalijua. Kile ambacho hakisemwi ni kwamba ini hilo hilo hutengeneza pia protini zinazozuia damu isigande kupita kiasi. Sahani moja ina vitu vya kugandisha, na ya pili ina breki. Ini linapochakaa, sahani zote mbili hupungua kwa pamoja. Ni kama kutoa kilo tano huku na kilo tano kule. Mizani bado italala sawa, lakini sasa imebaki nyepesi, na kigongo kidogo tu kinatosha kuiangusha upande wowote. Maambukizi, upasuaji, kulazwa kitandani kwa siku nyingi au safari ndefu vinaweza kuwa kigongo hicho. Leo mgonjwa anatapika damu, kesho mgonjwa yule yule ana donge la damu mguuni.

Aidha, kuna vitu vya kugandisha damu ambavyo havitegemei ini, na kwa mgonjwa wa sirosisi hivyo huongezeka badala ya kupungua. Halafu kuna ule mshipa mkuu unaobeba damu kutoka matumbo na wengu kuipeleka kwenye ini. Ini lililojaa makovu huwa kama barabara iliyofungwa na mawe: damu inapiga foleni na kutembea polepole. Na damu isiyotembea huganda. Ndiyo maana donge la damu katika mshipa huo si jambo la ajabu kwa watu ambao sirosisi yao imefikia hatua mbaya. Wengine hawana dalili yoyote. Wengine huumwa na tumbo, au maji ya tumboni huongezeka ghafla, au huanza kutapika damu.

Kwa nini basi hata wahudumu wa afya hudanganyika? Sababu moja ni kipimo. Maabara nyingi hupima muda ambao damu huchukua kuganda, na kwa mgonjwa wa ini muda huo huwa mrefu. Mhudumu akiona jibu hilo hufikiri kwamba mgonjwa amekingwa. Lakini kipimo hicho huangalia sahani moja ya mizani, ile ya kugandisha. Sahani ya breki, ambayo nayo imepungua, hakiioni. Mwaka 2011, wataalamu wawili wa Italia, Tripodi na Mannucci, walieleza jambo hili kwa kina katika jarida la tiba la New England la Marekani. Miaka miwili kabla yao, mwaka 2009, watafiti wa Denmark waliochunguza rekodi za nchi nzima walikuwa wamechapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa hatari ya madonge ya damu kwa watu wenye maradhi ya ini ilikaribia mara mbili ya watu wengine. Hayo ni mambo ya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Yamevuka bahari, lakini bado hayajafika kwenye zahanati zote za mpaka huu.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kwamba mgonjwa wa sirosisi ana mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula, na ukimpa dawa za kuzuia damu kuganda utakuwa umemchinja. Hoja hiyo ina uzito. Kutapika damu kunaua, na kunaua haraka. Ndiyo sababu madaktari bingwa huingiza kamera tumboni kupitia mdomoni kwanza, wakaikagua mishipa hiyo, wakaifunga au kuanzisha dawa za kushusha shinikizo lake, kisha ndipo wakaamua kuhusu dawa za kuzuia kuganda. Lakini hiyo ni hoja ya kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu. Haiwezi kuwa hoja ya kumrudisha nyumbani na sindano ya maumivu. Kwa hakika, utafiti mdogo uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2012 ulihusisha wagonjwa 70 wa sirosisi. Waliopewa sindano za kuzuia kuganda kwa mwaka mmoja hawakupata donge hata moja katika mshipa wa ini katika muda huo, ilhali baadhi ya wale ambao hawakupewa walipata, na kuvuja damu hakukuzidi kwa waliotibiwa. Utafiti mmoja mdogo hautoshi kumfanya kila mgonjwa achomwe sindano hizo. Unatosha, hata hivyo, kuvunja dhana kwamba dawa hizo ni sumu kwa kila mwenye ini bovu.

Sasa, kwa nini nalielekeza jambo hili kwenu, wafanyabiashara wa mpakani na mliorejea nyumbani? Kwa sababu mambo mawili yanakutana kwetu: ini linaloharibika, na safari ndefu.

Tuanze na ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya sirosisi katika eneo hili. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi hivyo, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Chanjo ya watoto wachanga dhidi yake ilianza Kenya mwaka 2001 na Uganda mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi wetu tunaoendesha biashara leo tulizaliwa kabla ya chanjo hiyo. Mwaka 2015 serikali ya Uganda ilianza kuwapima na kuwachanja watu wazima bila malipo, ikianzia maeneo ya kaskazini. Lakini mtu wa mpakani leo yuko Tororo, kesho yuko Bungoma. Akidungwa ya kwanza, ya pili na ya tatu humpita akiwa safarini.

Kuna pombe pia. Chang'aa, waragi, na hata ile ajono tunayoivuta kwa mirija tukiwa tumezunguka chungu kimoja. Sitaki kumhubiria mtu. Ninachosema ni kwamba ini halijui kama pombe ni halali au haramu. Kenya iliruhusu chang'aa iliyotengenezwa kwa viwango kupitia sheria ya mwaka 2010, na Uganda ikapiga marufuku pombe kali ya vijipakiti mwaka 2019, lakini makovu ya miaka iliyotangulia hayakufutwa na sheria yoyote. Na kwa ndugu zetu wa ufuoni, kule Port Victoria na Majanji, kuna kichocho cha Ziwa Victoria. Kichocho huacha makovu kwenye mishipa ya ini, huvimbisha wengu, na humfanya mtu atapike damu hata kama hajawahi kuonja pombe maishani mwake.

Wale mliokwenda kutafuta kazi Saudia, Qatar au Oman mnajua kwamba kabla ya kupanda ndege mlipimwa homa ya ini. Anayepatikana na virusi vya B hurudishwa. Mara nyingi huambiwa tu kwamba hakufaulu vipimo, kisha hurudi kijijini na aibu, akaficha karatasi chini ya godoro. Msomaji, ikiwa karatasi hiyo iko kwako, itoe. Karatasi hiyo haikuhukumu. Imekuonya mapema, wakati bado kuna la kufanya. Zipo dawa za kudhibiti virusi hivyo, ikiwemo tenofoviri ambayo imetumika kwa miaka mingi kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

La pili ni safari. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba safari ya kukaa bila kusogea kwa saa nne au zaidi huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, iwe ni kwa ndege, basi, gari moshi au gari dogo. Kwa mtu mzima wa afya uwezekano huo bado ni mdogo. Lakini mkumbuke ile mizani nyepesi. Mgonjwa wa ini anayekaa usiku kucha kwenye lori au anayeruka kutoka Ghuba hadi Entebbe haanzi safari akiwa sawa na wengine. Kwake, kushuka kila gari linaposimama, kutembea hatua chache, na kuzungusha vifundo vya miguu kitini si mchezo wa watoto.

Basi tufanye nini? Kwanza, mgonjwa wa ini na jamaa zake wajue dalili. Mguu au mkono mmoja ukivimba na kuuma. Pumzi ikikatika ghafla. Kifua kikichoma unapovuta hewa. Maumivu mapya ya tumbo au maji ya tumboni kuongezeka kwa kasi. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami: haya yote ni ya hospitali, tena siku hiyo. Usikubali kurudishwa kwa maneno ya "damu nyepesi". Omba kwa heshima upigwe picha ya altrasaundi ya mguu au ya tumbo, na kama mashine haipo, omba barua ya kwenda Mbale, Eldoret au Kisumu.

Pili, tuache kujitibu dukani. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini humletea mgonjwa wa sirosisi hatari ya kuvuja damu na kuharibika figo. Na asiwepo mtu wa kusoma makala haya kisha akanunua dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu jirani anazitumia. Dawa hizo hupimwa kwa mgonjwa mmoja mmoja, na kwa mwenye ini bovu hupimwa kwa uangalifu zaidi.

Tatu, na hili nawaambia wakuu wa serikali zote mbili, mpaka huu umefunguliwa kwa mizigo ukasahauliwa kwa wagonjwa. Mnamo Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Leo lori la saruji hukaguliwa mahali pamoja na maafisa wa nchi zote mbili. Mama mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Kimarekani ana utaratibu wake rahisi wa forodha. Lakini mgonjwa wa ini aliyepimwa Tororo akivuka kwenda Busia ya Kenya huanza upya kama mtoto mchanga: vipimo upya, maelezo upya, gharama upya. Daktari wa pili hajui kama ile mishipa ya koo ilikaguliwa, hajui kama kuna virusi, na kwa kutojua huchagua kutofanya lolote.

Nisiambiwe kwamba hilo haliwezekani. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, foleni za malori zilienea kilomita nyingi Malaba na Busia kwa sababu madereva walipimwa na kungojea majibu kwa siku kadhaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilibuni mfumo wa kielektroniki ambao uliwezesha majibu ya vipimo vya dereva kutambuliwa na nchi jirani. Kumbe inawezekana cheti cha afya kuvuka mpaka! Kilichowezekana kwa ajili ya shehena kinaweza kuwezekana kwa ajili ya binadamu.

Itakumbukwa pia kwamba watu wa hapa huhama bila kupanga. Mapema mwaka 2008, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba wakikimbia ghasia za baada ya uchaguzi, wakahifadhiwa Mulanda wilayani Tororo kabla ya wengi kupelekwa Kiryandongo. Mtu anayekimbia hachukui faili la hospitali. Wengi walirejea, na wengine wangali wanarejea, wakiwa hawana hata karatasi moja ya matibabu waliyowahi kupata.

Ninachoomba ni kidogo. Kuwe na kijitabu kimoja cha mgonjwa wa ini kinachokubaliwa na hospitali za pande zote mbili, kikionyesha chanzo cha ugonjwa, majibu ya homa ya ini, tarehe ya kukaguliwa mishipa ya koo, na dawa anazotumia. Kuwe na meza ya kupima na kuchanja homa ya ini aina ya B katika vituo vya mpakani, ili mfanyabiashara adungwe ya kwanza Malaba na ya pili Busia bila kuulizwa kitambulisho ni cha nchi gani. Na wahudumu wa zahanati ndogo, za umma na za kibinafsi, waelezwe kwa lugha rahisi kwamba damu inayochelewa kuganda kwenye chupa ya maabara inaweza kuganda mguuni.

Wakati tukingojea wakuu, vyama vyetu vya wafanyabiashara visikae bure. Tunachanga kila mwezi kwa ajili ya mazishi. Sehemu ya mchango huo ikilipia altrasaundi moja kwa mwenzetu ambaye mguu wake umevimba, huenda tukapunguza majeneza. Wateso wa Molo na Wateso wa Amagoro ni watu wa nyumba moja. Wasamia wa pande zote mbili vivyo hivyo. Mpaka ulichorwa na wengine. Ugonjwa hauuheshimu, na matibabu pia hayafai kuuheshimu.